Kumposa Saruji

Nilikwenda Nkuhungu kutafuta mbwa mkali.
Pampu ya kisima ilikuwa imeibwa mara mbili,
na fundi aliyeifunga mara ya tatu
alinicheka: Mama, we funga mbwa kwanza.

Bi Yuditha Chibago hakunionyesha mbwa.
Alinionyesha kigoda.
Akaniuliza ukuta wangu una kozi ngapi,
geti langu hufungwa au huegeshwa tu,
nikisafiri kikazi nani atabaki na chungu,
na kama kwetu yupo mwenye tabia ya kurusha mateke.
Nikajibu nimekunja mikono mapajani
kama mshenga aliyesahau kilemba cha mjomba.

"Mimi huwa sigawi mbwa," alisema. "Naozesha."

Ndipo akatoka nyuma ya pipa la maji,
taratibu, kwa awamu,
kichwa kwanza, kisha mabega, na bado anakuja,
ndama wa rangi ya mfuko wa simenti
uliolowa ukakauka.
Walimkuta Mtumba, ghorofa limekwisha,
kampuni imehama na winchi zake na vyoo vyake,
yeye kabaki na mnyororo,
na nondo iliyoshika mnyororo,
akilinda jengo ambalo tayari lilikuwa na walinzi.
Bi Yuditha akamwita Saruji.
Miezi minane alimlisha ugali wa uwele na vichwa vya dagaa,
akampaka samli shingoni,
pale manyoya yaliposusa kuota.

"Anabweka?"
"Alibweka siku ya Pasaka. Sijui aliona nini."

Nilikuwa nimeshasimama kuaga
alipokuja akanipa ubavu wake wote.
Hakulamba, hakunusa. Aliegemea tu,
kama mtu aliyeshuka na mizigo stendi
akapata nguzo.
Mwaka wa tatu tangu ofisi inihamishie Dodoma,
mwaka wa tatu sijaguswa na kitu ila upepo
na vumbi lake linaloingia hata kwenye sukari.
Nikakaza magoti. Uzito ule
haupokewi ukiwa umesimama ovyo.

Mpwa wa Bi Yuditha alikuja Ihumwa kukagua nyumba,
akatikisa geti, akaonja maji ya kisima,
akaandika kwenye daftari la shule.
Jumamosi iliyofuata tulimpakia Saruji kwenye guta,
watoto wakakimbia nyuma wakibishana
kama ni mbwa au ni punda aliyenyolewa masikio.
Bi Yuditha hakutoka barabarani.
Alikuwa ndani anaosha bakuli
ambalo nilishaliona safi.

Sasa nina mbwa anayeogopa kuku wa jirani.
Radi ya Desemba ikipiga hukimbilia bafuni,
huzamisha kichwa ndani ya ndoo
akiamini mwili wote umeingia.
Muuza mkaa, aliyekuwa akipitia upande wa pili,
siku hizi humsalimia yeye kwanza, ndipo mimi.
Pampu? Ipo.
Huenda wezi hawajamjua,
huenda wamemjua, wakaona haya.
Fundi rangi ameandika getini MBWA MKALI
kwa herufi nyekundu, bei ya jirani,
na Saruji hulala chini ya maneno hayo adhuhuri,
maana ndiko kivuli kiliko.

Jumapili saa kumi Bi Yuditha hupiga simu.
Hanisalimii sana. "Mpe," husema,
nami nachuchumaa, namwekea simu sikioni,
nasikia kwa mbali sauti ndogo ikikwaruza:
"Mbukwa, Saruji. Mbukwa, baba."
Anainamisha kichwa. Anatazama geti
muda mrefu kuliko ninavyopenda.
Kisha anageuka, anarudi, anatafuta mguu wangu,
na mimi, niliyekwisha kujifunza namna ya kusimama,
nasimama.