Pembe ya Neema

Eufemia huanza na vikunya,
binamu wa ngamia aliyenyimwa nundu.
Huyo anamjua: amemwona akinywa
maji ya theluji juu ya Puno.

Mkwinini anaushona kwa kukisia.
Mti wa dawa, wanasema.
Homa iliyomchukua mamaye
haikuonjeshwa hata gome lake.

Kisha pembe, imelazwa kwenye wekundu,
inamwaga sarafu, inamwaga,
na uzi wa dhahabu
ndio ghali kuliko nyuzi zote.

Sajenti Ticona huja na gunia,
hubeba nembo arobaini za kofia,
humlipa njoo-kesho.

Eufemia hukata uzi kwa meno.
Zamani pembe zake zilimwaga sarafu tisa.
Tangu Februari, sita.

Kikosi kizima kimezivaa gwarideni.
Hakuna aliyehesabu.