Mlango wa Nyuma, Kushoto

Miaka ishirini na sita nilisimama kituo cha arobaini na moja
nikibandika mpira kwenye mlango wa nyuma, kushoto.
Kushoto tu. Kulia kulikuwa kwa Traudl,
na hatukuingiliana.

Magari yale yalinipita kama wageni wa harusi ya mtu mwingine:
marefu, yamenyooka viunoni, yana haraka hata yakiwa yamezimwa.
Jioni nilipanda basi la kiwanda nikarudi nyumbani.

Sasa nimestaafu. Korbinian amefungua daftari juu ya meza ya jikoni,
kapiga mstari katikati kwa rula:
huku JIPYA, huku LILILOTUMIKA.
Ana kalamu mbili za rangi. Mume wangu ni mtu wa kalamu mbili.

Tukaanzia Landshut, kwenye duka la vioo.
Kijana Zirngibl, viatu vinang'aa kuliko bidhaa,
akatuonyesha la kijivu, kijivu chenye jina la mlima.
Viti vya ngozi vinakanda mgongo. Usukani unajua kurudi njiani peke yake.
"Sifuri hadi mia," akasema, "sekunde tano."
Nimwambie nini? Mimi nilipewa sekunde hamsini na nane kwa mlango mmoja,
hiyo ndiyo kasi niliyozeeka nayo.

Bei nikaomba irudiwe.
Ikarudiwa, haikupungua.
Kipya kinyemi ingawa kidonda,
na hiki ni kidonda cha kulipia kila mwezi, miaka minne,
huku thamani ikimwagika barabarani tangu getini
na hakuna wa kuizoa.
Korbinian akaandika: *dhamana, miaka mitatu*. Kwa kijani.

Kisha Straubing, uani kwa Demirkan, nyuma ya magurudumu yaliyorundikwa.
La buluu. Umri miaka tisa. Kilomita laki moja na kumi na nane elfu.
Lilikuwa la daktari wa meno, na kweli ndani kulinukia karafuu.
Korbinian akalala chali na tochi yake kutafuta kutu,
akasoma kitabu cha matengenezo mhuri kwa mhuri kama hati ya urithi,
akauliza mnyororo wa injini, akauliza mafuta ya gia,
akauliza kwa nini daktari ameliuza.
"Kanunua jipya," akajibu Demirkan, akicheka peke yake.

Mimi nilizunguka nyuma, kushoto.
Nikavuta. Nikaachia.
*Dup.*
Donge la unga juu ya kibao.
Nikapitisha kidole gumba kwenye kona ya chini,
pale nilipokuwa nakandamiza mara mbili, kinyume cha maagizo,
nikagombezwa, nikaendelea.
Palikuwa na kijikunjo.
Zamu zilikuwa mbili, najua. Huenda ni mkono wa mtu wa usiku.
Sikusema kitu.

Tulipotoka kulijaribu, Korbinian kashika usukani kwa mikono miwili,
mimi nikafungua mlango wangu nikaketi nyuma.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kutoka huku
mtu huona Danube kwa pembe ya jicho, kipande kwa kipande.
Mia na ishirini. Mia na arobaini. Injini ikakohoa mara moja,
kwa adabu, kisha ikanyoosha miguu.
"Unafanya nini huko?" akaniuliza kiooni.
"Nyamaza. Nasikiliza."

Kwangu, kimya. Hata unyuzi wa upepo.
Lakini mia na sitini ilipofika ukaja mluzi mwembamba,
wa birika lililo nyumba ya jirani,
na ulitoka kulia.

Demirkan alipunguza euro mia mbili kwa ajili ya mluzi ule.
Korbinian hakujua auandike upande gani wa mstari.
Jioni nitampigia Traudl.