Kifungo cha Kanzu

Salhiya wa mazoezi kakichora kichwa changu
nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu nyekundu.
"Hapa, Bwana Shaame, ndipo mkono wako unapokaa."
Kumbe ubongo nao una viwanja,
na ugawaji wake si wa haki:
mgongo, uliobeba magunia kutoka Mtambwe mpaka Wete,
umepewa kibaraza.
Kidole gumba kimepewa mtaa mzima.

"Na amri hutoka kushoto," akasema,
"ikifika chini ya kisogo huvuka, hushukia kulia."
Basi damu iliganda kushoto
usiku wa kuamkia Ijumaa,
na asubuhi kulia kukanyamaza.

Miaka thelathini na mbili nimeshona kofia za viua.
Sikuwahi kuuambia mkono: sasa toboa,
sasa zungusha uzi, kaza, ila usikikunje kitambaa.
Nilikuwa nikisikiliza redio,
nikibishana na Raya juu ya bei ya unga,
na sindano inapita kwenye kitobwe
kisichopitisha kichwa cha sisimizi.
Nani alikuwa akishona?
Nilidhani mimi.

Siku hizi naamrisha.
Kidole cha shahada, nyanyuka.
Vinanyanyuka vyote vitano,
kama darasa zima likiitikia jina la mtoto mmoja.

Hakuna hakimu aliyenihukumu,
nami nina kifungo, mwezi wa tano huu:
kidogo, cheupe, cha matundu manne,
kifuani pa kanzu.
Raya ndiye anayenifungia. Ndiye anayenifungua.

Msimu umeingia. Uani, chini ya taa,
nyumba nzima inachambua karafuu,
gumba linasukuma, punje hapa, makonyo kule,
mikono inakwenda, midomo inasengenya.
Salhiya kasema nami nikae.
"Si nguvu," kasema, "ngumi unayo.
Kilichopotea ni ule upole
wa kukizuia kidole kisimfuate mwenzake."

Sikujua kuwa kazi kubwa ya kichwa
ni kunyamazisha.

Napewa shada langu. Nalitazama
kama barua ya lugha nisiyoisoma.
Gumba linakuja, linapita, linarudi.
Punje moja.
Jasho.
Punje ya pili inaangukia makonyoni, siihesabu,
Raya anaihesabu.
Mjukuu wangu Hidaya kajaza pishi, anasinzia.
Ya nne inapondeka, harufu inanipanda puani,
na ya tano, sijui nani kaamrisha,
ya tano imetoka nzima, na kichwa chake.
Sikuiona ikitoka.
Nilikuwa nikimwambia Raya
unga umepanda tena.