Ubao wa Samail

Usiniletee chupa, Ghaniya ananiambia,
niletee vizibo.
Chupa inadai moto mkali, na moto huo
utazichoma nyuzi kabla hazijashikana.
Kizibo hulainika mapema,
kama shangazi anayejifanya mkali.

Basi nimerudi na gunia kutoka harusi ya kina Muhanna:
vyekundu, vya buluu, vingine bado vinanata soda.

Huku uani amekwisha chambua kilifu cha mtende,
lile koti la manyoya linalokumbatia shina.
Amekilaza katika maji ya magadi usiku kucha,
akakisuuza, akakianika juu ya paa.
Kikibaki na unyevu, asema, ubao huota malengelenge.

Wa kwanza ulipasuka kama kaki.
Wa pili ulivimba, mbuzi akautafuna pembe.
Wa tatu tuliubana kwa jeki ya gari la marehemu baba,
tukakaa kimya mpaka upoe,
mikono ikinuka nta na shamba.

Leo ni zamu yetu ya maji ya falaji.
Ameutumbukiza mferejini,
pale bibi alipokuwa akiziba kwa jiwe na matambara.
Maji yakaja, yakaugonga, yakasita,
yakageukia kwetu:
mtende umezuia maji ili mitende inywe.

Kona moja inavuja.
Ghaniya kachuchumaa, kidole kwenye upenyo,
midomo inamchezacheza, anahesabu vizibo.
Wiki ijayo, aniuliza,
anaoa nani?