F Sita

Baba aliondoka Jumanne kufuata baiskeli
kwa fundi Opolot, nyuma ya stesheni ya Soroti.
Hakufika. Baiskeli ipo hadi leo, imetundikwa ukutani,
mipira imepasuka kama visigino,
na Opolot bado anadai hela ya kiraka.

Miaka kumi na mmoja alikaa Kampala, jeshini,
katika chumba kisicho na dirisha,
akisoma walichoandika watu juu ya watu.
Bunduki hakubeba. Alibeba penseli ya ncha mbili,
nyekundu huku, buluu kule.
Serikali ikaanguka, chumba kikapata wenyewe wengine,
akarudi kupima pamba kwenye jineri.
Mkono ule ule, mizani nyingine.

Mama alisema: aliyezoea kunusa hafungi pua.
Jioni watu wakizunguka chungu cha ajono,
mirija mdomoni, yeye alisikiliza,
kisha kila tetesi akaipa cheo:
herufi kwa msemaji, namba kwa maneno yake.
A ni mtu asiyekosea. Moja ni jambo lililothibitika.
Jirani akisema mvua ipo njiani: C tatu.
Mimi nikisema nimeshasoma: D nne.
Tulicheka. Alinifundisha kwa Kiswahili,
lugha ambayo ikisikika usiku mtaani kwetu
watu walizima taa.

Kabla vita havijafika alikuja mwanamke kutoka Serere,
Asekenye, vumbi hadi magotini,
na picha ya mwanawe iliyokunjwa mara nne.
"Wanasema jina lake lilipita mezani kwako."
Baba aliitazama ile picha
kwa muda ambao mtu haitazami picha ya mgeni.
"Mama, mimi nilisoma karatasi tu."
Akaagiza aletewe chai. Hakuinywa.
Ilipoa, ikaota ngozi. Mimi ndiye niliyeimwaga.

Mwaka wa themanini na saba ng'ombe walikuwa wamekwisha kuswagwa.
Barabara ya Lira vizuizi, ya Mbale vizuizi,
na kizuizi cha asubuhi si cha watu wale wale jioni.
Jumanne hiyo alinyoa ndevu. Akasema atarudi kabla ya chakula.

Tangu hapo nakusanya.

Muuza chumvi: alimwona juu ya lori,
amefungwa macho kwa shati lake la kijani.
Baba hakuwa na shati la kijani. D nne.
Askari mlevi: yuko porini, anawasomea waasi ramani. E tano.
Binamu Ekwaru: yuko Busia, upande wa Kenya,
anatengeneza redio, ameoa, amenenepa.
Huyu nilimpa B mbili.
Nilimpa kwa sababu nilitaka iwe,
na najua Baba angeikata kwa nyekundu.
Mama: amekufa, Alhamisi usiku nilisikia kitu kikikatika.
Kwa Mama sikupata herufi.
Jeshi, baada ya barua saba:
hatuna kumbukumbu ya mtu mwenye jina hilo.
Miaka kumi na mmoja! Hata kikombe chake, jamani,
kilikuwa na namba ya stoo.

Mwaka juzi, chini ya sanduku lake,
ndani ya kitabu cha hesabu za pamba,
nikakuta kipande cha karatasi. Jina moja: Elungat, wa Serere.
Limepigiwa mstari wa buluu.

Nilikwenda. Asekenye haoni tena,
lakini alinijua kwa namna nilivyosita mlangoni.
"Umekuja kuuliza," akasema, "au kujibu?"
Karatasi ilikuwa mfukoni, imelowa jasho.
Nyekundu ni nini, Baba? Buluu ni nini?
Aachwe, au achukuliwe?
Herufi ulinifundisha. Namba ulinifundisha.
Yule mama alikuwa amenyoosha mkono, anasubiri,
nami nikauweka mkononi mwake mstari
nisioweza kuusoma.