Mistari Miwili

Fundi Lugembe kapaka mistari miwili ukutani,
upana wa kiganja, akaenda zake kunywa chai.
"Mkishaamua, mnipigie."

Huu wa kushoto ni michembe iliyoanikwa siku mbili.
Wa kulia ni michembe ileile, siku ya tatu.
Mume wangu kavaa miwani, kavua.
"Nkwimba, hizi si rangi moja?"

Si moja, baba Ngollo. Asubuhi si moja.
Jua likichomoza upande wa Igoma
wa kushoto unaamka, wa kulia unavuta shuka.
Saa kumi, ziwa likirusha mwanga hadi huku Isamilo,
inabadilishana zamu.
Umeme ukikatika, haya,
hapo ni moja.

Leo siku ya tisa.
Mama mkwe kaupigia kura wa kushoto kwa kuuegemea;
mafuta ya nywele zake yako pale, duara.
Ngollo kauchorea wa kulia
samaki mwenye miguu.

Nyuma ya nyumba limekaa jiwe letu,
lile tulilolikuta, tukapinda ukuta kulikwepa.
Hakuna aliyewahi kuliuliza rangi.
Jana mvua ilikuja na upepo,
ikalowesha nusu yake tu:
pakavu, michembe ya siku mbili,
palipolowa, ya siku ya tatu.
Nikasimama dirishani na mwiko mkononi
mpaka sato akaungua.

Nimempigia Lugembe.
"Wa kulia," nikamwambia.
"Ila samaki usimfunike."