Waya Usiguse Zulia

Kwa Gatimu, Loresho, viatu huachwa nje,
si kwa ajili ya sala:
vumbi, alisema, hubadilisha besi.
Nyaya za spika zimelazwa juu ya vigogo vidogo vya mwaloni
kama majeruhi juu ya machela,
zisiguse zulia.
Zulia lina umeme wake, alisema, lina wivu wake.
Mita mbili za waya ule
ni robo ekari Kitengela, na hati juu.

Mimi nimeitwa kwa sababu kitu kinakoroma.
Upande wa kushoto, kwa mbali,
kama mjomba aliyesinzia katikati ya mazungumzo ya mahari.

Yeye ni mtu wa Valborg.
Hasemi "nina Valborg". Husema "sisi wa Valborg",
kama mtu atajaye ukoo wa mamake.
Rafikiye wa zamani, Daktari Shavulimo wa Runda,
alihamia Kastelani mwaka ule wa uchaguzi wa marudio,
na tangu hapo husalimiana kwa nyusi.
Kwenye mazishi ya shemeji yake
Shavulimo alisikiliza mahubiri hadi nusu, akaninong'oneza:
"Vipaza sauti vya kukodi. Wanamwua marehemu mara ya pili."
Hakujua ni mimi niliyevikodisha.

Na neno sabufa, katika nyumba zile mbili,
halitamkwi mbele ya watoto.

Nilifungua kifuniko. Skrubu kumi na sita.
Gatimu akageuza uso
kama mume kwenye chumba cha kujifungulia.
Ndani palikuwa na kile nilichokuwa nimekiona Runda:
transfoma ileile, mhuri uleule wa kiwanda kilekile,
kapasita za samawati, ndugu wa tumbo moja.
Majina mawili mlangoni, jiko moja uani.

Nilinyamaza. Kazi yangu ni ya muosha maiti:
nimeona ya ndani ya mahasimu wote wawili
na sitoki nikisimulia.
Kapasita iliyovimba nikaitoa, nikaweka nyingine
ya shilingi themanini, duka la tatu kutoka ngazini, Luthuli.
Nikafunga.

Gatimu akaketi kwenye kiti
(chumba kina kiti kimoja; mkewe, Wangeci, husikilizia jikoni,
na sijui kama husikiliza).
Sindano ikashuka. Tarumbeta.
Macho yakamlowa.
"Unasikia?" akasema. "Hiyo ndiyo Valborg.
Kastelani hawaifikii hata wakifufuka."
Nikasema nasikia.
Na kwa kweli nilisikia: tarumbeta,
na kabla yake mpigaji akivuta pumzi,
pumzi ya mtu mnene, aliyechoka,
kitu ambacho sabufa yangu kule Umoja haijawahi kunipa.
Hilo nalo niliseme, nisije nikajifanya msafi.

Nilirudi dukani na kicheko mfukoni
nikamsimulia Kerubo, mwanafunzi wangu,
themanini, nikamwambia, shilingi themanini, na mtu mzima analia!
Hakucheka. Alikuwa ameinamia redio ya mteja.
"Ile lehemu yako, mzee," alisema bila kuinua kichwa,
"ya Nyota Tatu, unayokataa tusitumie nyingine.
Iliisha Januari.
Nimekuwa nikizungusha ya kawaida kwenye kigurudumu chake."

Sasa ni Mei.
Miezi minne nawaonyesha wateja: tazama inavyong'aa,
hii haiachii, hii si ya wale wa ghorofa ya chini.

Muosha huoshwa.

Nilimtuma chai, na mandazi ambayo sikuyataka,
nikabaki na kile kigurudumu, nikakigeuza, nikakinusa.
Nyota zake tatu zimefifia, moja haionekani.
Tangu siku hiyo moshi wa lehemu ile unaniwasha macho.
Haukuwa ukiniwasha.